Naomba ushauri: monita ya kuediti picha na grafiki, nimechoka kurudishiwa kazi

Lenzi_Moja

Habari za humu wakuu. Mimi napiga picha za watu na pembeni nachora mabango na logo, kazi zote nafanyia kwenye laptopu ya inchi 15 ambayo nimekaa nayo miaka sasa. Shida yangu ni rangi. Kwenye kioo changu picha inakuwa safi kabisa, naangalia ngozi ya mtu imetulia, nikipeleka kusafishwa inarudi imezama giza, na nyingine uso una ubluu fulani kama mtu katolewa kwenye friji. Wiki iliyopita mteja kanirudishia albamu nzima. Kaiweka mezani hakusema neno, akafungua ukurasa wa katikati akaniachia niangalie mwenyewe. Nywele na koti vimeshikana vimekuwa doa moja jeusi, wakati kwenye laptopu lile koti naliona mpaka mishono yake. Nilitamani ardhi ipasuke aisee.

Kinachonichanganya zaidi, picha hiyohiyo kwenye simu yangu inatoka hivi, kwenye simu ya mwenzangu vile, kwenye laptopu kivyake, sasa mkweli nani hapo? Na hii laptopu yenyewe nikiinamisha kioo mbele kidogo vivuli vinafunguka, nikikisukuma nyuma uso unakuwa mweusi, nikikaa vibaya tu kwenye kiti napata picha nyingine.

Nimeamua kununua monita na nimebaki na tatu kichwani: inchi 27 ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160), inchi 32 iliyopinda ya wacheza gemu yenye Hz 165, na moja inchi 24 ya ofisini, imeandikwa IPS, haina mvuto hata kidogo. Roho inataka ile ya 32. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie niangalie nini, maana kwenye maboksi wameandika vitu vingi sijui hata pa kuanzia. Natanguliza shukrani.

mzukaTupu

Chukua 32 mkuu usijiulize mara mbili, ninayo kama hiyo, kioo kimekuzunguka kama vile uko ndani ya picha, muvi pia unaangalia. Hz 165 si mchezo

BabaPikseli

Lenzi, huyo ndugu kakujibu kwa mapenzi ila kajibu swali la gemu. Hz 165 maana yake kioo kinachora upya mara 165 kwa sekunde, sasa wewe picha yako imetulia tuli haiendi popote, Hz 60 zinakutosha mpaka unastaafu.

Ulivyosema habari ya kuinamisha kioo ndo nikaona nijibu, maana hiyo ni dalili ya paneli ya TN, tena dalili ya wazi. Paneli ndo kioo chenyewe kinachotoa picha, na aina utakazokutana nazo sana ni TN, VA na IPS. TN ni rahisi kutengeneza na ina kasi lakini ukibadilisha pembe ya kuangalia rangi na mwanga vinahama, hasa juu na chini. Yaani wewe ulikuwa unaediti kwa kiti! Siku umekaa wima umepata picha moja, siku umejilaza nyuma umepata nyingine, na zote umezituma. Halafu TN nyingi zina biti 6 kwa kila rangi, yaani ngazi 64 tu za wekundu, 64 za kijani, 64 za bluu, zinazobaki zinaigizwa kwa kupepesa haraka ngazi mbili zilizo jirani ili jicho lione kama kuna ya katikati. Biti 8 ni ngazi 256 kwa kila rangi, ukizidisha zote unapata rangi kama milioni 16.7. Ukitaka kuona tofauti kwa macho fungua picha ya anga wakati jua linazama, pale inapotoka chungwa kwenda bluu. Kwenye kioo dhaifu utaona mistari mistari kama ngazi za nyumba, kwenye kizuri inateleza tu.

Zile 32 zilizopinda nyingi ni VA. VA weusi wake ni mzuri kweli, tofauti ya nyeupe na nyeusi inafika 3000 kwa 1 wakati IPS ya kawaida iko 1000 kwa 1, kwa hiyo usiku na taa umezima IPS utaiona nyeusi yake ina ukijivu. Lakini VA vivuli vinapauka ukiangalia kwa pembeni, na kwenye kioo cha inchi 32 ukiwa umekaa karibu tayari kona zote unaziangalia kwa pembeni, hata kama pua yako iko katikati kabisa. Koti likiwa katikati ya kioo utaona hivi, ukilisogeza kona utaona vile. Ni ugonjwa uleule ulionao, umehamia kwenye kioo kikubwa. Kwa picha na grafiki chukua IPS, hata hiyo ya ofisini isiyo na mvuto inaizidi hiyo ya gemu kwa kazi yako. OLED, aina nyingine ya kioo, ni tamu, weusi wake ni weusi wa kweli kwa sababu pikseli inazimika kabisa, ila sisi wa kuediti menyu na vitufe vinakaa sehemu ileile siku nzima, na OLED ukiifanyia hivyo kwa muda mrefu alama inaweza kubaki kwenye kioo. Mimi sijathubutu.

Sasa kwenye boksi tafuta neno sRGB. Hicho ni kipimo cha rangi walichokitoa HP na Microsoft mwaka 1996, mpaka leo picha nyingi za mtandaoni na simuni zinakifuata. Unataka iandikwe asilimia 100 au jirani ya hapo, 99 haina neno. Kuna janja ya kuandika NTSC badala yake, hicho ni kipimo cha TV za Marekani za mwaka 1953, sasa mtu akiona asilimia 72 anadhani ni pungufu, kumbe 72 ya NTSC ukubwa wake ni karibu sawa na sRGB nzima. Ya kukimbia ni 45. Ukiona asilimia 45 NTSC kimbia, hapo wekundu wote unatoka kama tofali, na laptopu nyingi za bei ya chini ndo ziko hapo, sishangai na yako ikiwemo.

Kama wameandika delta E chini ya 2 imepimwa kiwandani, na kuna karatasi ya vipimo ndani ya boksi, hiyo ni dalili nzuri. Delta E ni umbali kati ya rangi inayotakiwa na rangi inayotoka, ikishuka chini ya 2 jicho la kawaida linapata tabu kuona tofauti. HDR400, ile alama ya kusifia mwangaza mkubwa, ipuuze, kwa kazi yetu hiyo ni danganya toto.

chorachora

Kaka Lenzi mimi ni mtu wa logo na mabango, niongezee upande wa grafiki maana wapiga picha mnatusahau sana.

Iliyopinda kwangu ni hapana. Ukichora mstari mrefu ulionyooka kioo kinakudanganya, unabaki kuuliza huu umepinda au kioo ndo kimepinda, unawasha rula za programu kila dakika. Wapo wanaozoea lakini mimi niliteseka miezi minne nikampa mdogo wangu.

Halafu usiangalie inchi peke yake, angalia inchi pamoja na idadi ya pikseli. Inchi 24 ya 1920 kwa 1080 inakupa kama pikseli 92 kwa inchi, inatosha kuanzia. Namba hizohizo ukizitandaza kwenye inchi 27 unashuka mpaka 82, herufi ndogo zinaonekana zina meno, usinunue kabisa. Inchi 27 ya 2560 kwa 1440 ni kama 109, hapo kwangu ndo penyewe, vitufe vya programu vinasomeka bila kukuza chochote. Inchi 27 ya 4K ni 163, picha inakuwa kali kama imeprintiwa ila kila kitu kinakuwa kidogo kama chawa, lazima ukuze maandishi asilimia 150, na baadhi ya programu za zamani zikikuzwa zinatoka na ukungu.

Na kabla ya 4K angalia tundu la laptopu yako. Kama ni HDMI ya zamani ya 1.4 utapata 4K lakini kwa Hz 30, mshale wa mausi unaenda unarukaruka kama una kigugumizi, utailaumu monita bure. Kwa Hz 60 unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu, na kebo nayo iwe ya kiwango hicho. Na ukiunganisha kwa HDMI halafu ukaona weusi umekuwa kijivu na kila kitu kimepauka, ingia kwenye setingi za kadi ya grafiki utafute rangi za ukamilifu 0 mpaka 255, mara nyingine kompyuta inadhani imechomekwa kwenye TV inatuma 16 mpaka 235.

KimyaKimya

Swali dogo tu Lenzi. Zile picha zilizorudi na ubluu, uliziediti saa ngapi?

Lenzi_Moja

Asanteni sana wakuu, hasa BabaPikseli, hapo kwa kuediti kwa kiti nimecheka ila imeniuma kwa sababu ni kweli.

KimyaKimya nyingi naediti usiku, mchana niko kazini. Kwani saa inahusiana nini na rangi?

KimyaKimya

Ingia setingi za kioo kwenye laptopu, angalia kama kuna modi ya usiku imewashwa. Ile inayofanya kioo kiwe cha njano njano eti macho yasiumie.

Lenzi_Moja

Wakuu nimekaa chini. Imewashwa. Inajiwasha yenyewe saa moja usiku, niliiweka mwenyewe zamani nikasahau, na macho yalishazoea sioni hata njano yenyewe.

Nimeichukua ile albamu nikaanza kupekua. Kurasa nne za mwanzo niliziediti Jumapili mchana, hizo hazina ubluu, zina giza tu. Kuanzia ya tano mpaka mwisho ni kazi ya usiku na zote sura zimekuwa bluu. Yaani mimi nilikuwa naona mtu wa njano namrudisha kwenye bluu ili awe sawa, kumbe njano ilikuwa ya kioo na bluu niliyoiongeza ndo ikaenda kwenye karatasi. Siku zote hizi nalaumu waliosafisha, hata kuwahamisha nilishawahamisha mara mbili. Mungu anisamehe.

BabaPikseli

Hahaha KimyaKimya umeua. Mimi nimeandika gazeti zima yeye kauliza saa ngapi.

Tuje kwenye giza basi. Mwangaza wa kioo umeuweka kwenye ngapi? Najua jibu, 100. Karibu kila mtu picha zake zikirudi na giza sababu ni hiyo. Monita mpya inatoka boksini na niti (kipimo cha mwangaza) 250, 300 na zaidi, iliwekwa hivyo ili ing'ae dukani, wakati kwa kuediti tunataka kwenye 80 mpaka 120 hivi kutegemea na mwanga wa chumba. Kioo kinawaka kama taa ya gari wewe unaona picha ina mwanga wa kutosha, tena unaushusha kidogo, sasa karatasi haina taa ndani yake, inategemea mwanga unaoiangukia tu. Na ukiediti gizani ndo mbaya zaidi.

Kama huna kifaa cha kupimia kioo fanya hivi: fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze kioo, shika karatasi nyeupe ya kuprintia pembeni ya kioo, taa ya chumba ikiwa imewashwa kama kawaida yako. Punguza mwangaza mpaka weupe wa kioo ulingane na weupe wa karatasi. Utashangaa unavyoshuka. Hii si kalibresheni, ni huduma ya kwanza.

Kalibresheni yenyewe ni kale kadude unakalaza juu ya kioo, kanasoma rangi programu inazopitisha moja moja kisha inatengeneza profaili ya ICC ya monita yako peke yake, yaani faili linaloiambia kompyuta monita yako inatoa rangi vipi. Wapo Calibrite, wapo Datacolor na Spyder zao, na programu ya bure ipo inaitwa DisplayCAL. Lengo la kuanzia: weupe kelvini 6500 (usiwe wa njano wala wa bluu), gama 2.2 (jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi kwenda nyeupe), mwangaza hizo niti nilizosema. Washa monita nusu saa kabla ya kupima, ikiwa baridi inadanganya. Na rudia kila mwezi au miwili, taa zake zinazeeka kama sisi. Kama nikikuchagulia, bora monita ya kati pamoja na hako kadude kuliko monita ya juu bila kadude. Hapo sibishani na mtu.

Rangi_Kavu

Hapo nitabishana mimi. Mnamwambia mpiga picha anayeprinti anunue ya sRGB? Printa nzuri za wino zinatoa kijani na samawati ambazo sRGB haizifikii kabisa, Adobe RGB, kipimo cha rangi kipana kuliko sRGB, ilitengenezwa mwaka 1998 kwa sababu hiyohiyo. Anunue monita ya rangi pana mara moja, EIZO ColorEdge au BenQ zile za SW, unakalibreti na marekebisho yanakaa ndani ya monita yenyewe sio kwenye kompyuta. Akinunua ya sRGB baada ya mwaka atanunua tena.

chorachora

Rangi_Kavu una haki kwa mtu anayeprinti mwenyewe kwenye printa yake na anajua anachofanya. Ila mimi hiyo pana ilinitia aibu, ngoja nieleze.

Nilinunua monita ya rangi pana nikaichomeka nikaanza kazi, sijui profaili, sijui nini. Nikachora logo nyekundu kwa ajili ya duka, nikaona wekundu unachoma macho, nikaupunguza, bado unachoma nikaupunguza tena mpaka ukatulia. Nikatuma. Mwenye kazi akapiga simu anauliza mbona logo imepauka kama fulana iliyofuliwa mara mia? Monita ilikuwa inachukua namba za sRGB inazivuta mpaka mwisho wa uwezo wake, programu niliyotumia ilikuwa haijali profaili, kwa hiyo mimi peke yangu duniani ndo nilikuwa naona ule wekundu. Wengine wote walikuwa wanaona nilichobakiza.

Hizo monita zina modi ya sRGB kwenye menyu, ukiiweka zinatulia, lakini lazima ujue ipo na ukumbuke kubadilisha kulingana na kazi. Lenzi jana tu kagundua modi ya usiku jamani, tumpe kimoja kimoja.

Rangi_Kavu

Sawa, hapo kwa logo nimekuelewa. Ila awaulize wanaomsafishia wanapokea faili za rangi gani, kama wanataka sRGB basi hana haja na pana, nakubali. Wakimpa profaili yao ya karatasi aiweke kwenye programu aangalie kwanza itakavyotoka kabla ya kutuma, itamwokolea karatasi nyingi hata kwa monita hiyohiyo ya sRGB.

mzukaTupu

Nimejaribu hiyo ya karatasi kwenye 32 yangu. Ilikuwa 100 nimeshuka mpaka 28. Mbona kichwa kimeacha kuuma

Lenzi_Moja

Mrejesho wakuu. Nimeuliza, wanataka sRGB na hawana habari na kingine. Modi ya usiku nimeizima moja kwa moja, mwangaza nimeushusha kwa karatasi umefika 35, nikafungua ile picha ya koti ileile bila kuigusa. Doa nikaliona. Lipo hapohapo kwenye kioo, nywele na koti kitu kimoja, siku zote lilikuwepo mimi nilikuwa nalimulika na taa.

Nimeifungua vivuli upya, nikasogeza uso kwenye njano kidogo, nikaenda kusafisha ukurasa ule mmoja tu. Kola ya koti imeonekana na mishono ya bega la kushoto, la kulia bado limezama, nadhani nilikaa upande kidogo kwenye kiti. Mteja sijamwonyesha, nasubiri monita nirudie albamu yote.

Uamuzi: 32 nimeiacha, 4K nimeiacha maana tundu langu ni HDMI 1.4 kweli kama chorachora alivyohisi. Nachukua IPS ya inchi 27 ya 2560 kwa 1440, sRGB asilimia 99, biti 8, na kinachobaki kwenye bajeti ya 4K naongezea kale kadude. Sasa ikifika niangalie nini kabla sijaikubali?

KimyaKimya

Usitupe boksi kwanza. Iache iwake nusu saa, halafu jaza kioo rangi moja moja: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, pitisha macho taratibu kona mpaka kona utafute nukta iliyokufa au iliyoganda. Kwenye nyeusi zima taa ya chumba uangalie kama kuna mwanga unavuja pembeni, kidogo kwenye kona ni kawaida ya IPS, na ukisogeza kichwa ukaona unahama huo ni mng'ao wa IPS sio uvujaji.

Mwisho weka kijivu cha katikati kioo kizima. Kijivu ndo hakifichi kitu. Kama upande mmoja una uwaridi na mwingine una ukijani, rudisha siku hiyohiyo, maana kalibresheni hairekebishi hiyo na kila uso utakaouweka upande huo utakusumbua.